Ugonjwa Usio na Jina: Funzo la Vyama vya Wataalamu wa Kinywa kwa Wanakiswahili

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa anayenyamaza. Haisemi lolote kuhusu mgonjwa aliye tayari kusema lakini hana neno la kusemea. Mgonjwa wa aina hii yupo, na wakati mwingine maradhi yake yamo katika kiungo kilekile anachokitumia kusema, yaani kinywa.

Mwaka 1952, mtaalamu aitwaye Schwartz aliwaeleza wenzake, katika kongamano la kimataifa la madaktari wa meno mjini London, habari za wanawake watano wenye asili ya Kihindi kutoka Kenya. Utando wa ndani ya vinywa vyao ulikuwa umenyauka na kukaza. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuwa na jina katika vitabu vya tiba vya wakati huo, aliuita kwa Kilatini *atrophia idiopathica tropica mucosae oris*, maana yake kunyauka kwa utando wa kinywa kunakotokea katika nchi za joto kwa sababu isiyojulikana. Hivyo ugonjwa wa watu wa Kenya ukapewa jina Uingereza, kwa lugha isiyozungumzwa katika nyumba ya yeyote kati ya wagonjwa hao.

Zaidi ya miaka 70 imepita. Ugonjwa huo umebadilishwa jina, chanzo chake kimejulikana, na vyama vya wataalamu katika mabara mbalimbali vimeujadili katika makongamano yao. Hata hivyo, katika Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi ya nchi walikotoka wanawake wale, bado hakujaenea jina ambalo daktari akilitamka mgonjwa atalielewa, na mgonjwa akilitamka daktari ataliandika.

Makala haya yanadai mambo mawili. Kwanza, historia ya vyama vya wataalamu wa tiba na patholojia ya kinywa duniani ni, kwa sehemu kubwa, historia ya watu kukubaliana juu ya majina. Pili, makubaliano hayo hufika nusu ya safari tu pale yanapokosa kuingia katika lugha ya mgonjwa, na nusu iliyobaki haiwezi kukamilishwa na madaktari peke yao. Ni wajibu wa wanakiswahili.

Vyama vya awali: kuungana na kutengana

Chama cha kwanza cha kitaifa cha madaktari wa meno nchini Marekani kiliundwa New York mwaka 1840. Mwaka huohuo chuo cha kwanza cha udaktari wa meno kiliidhinishwa mjini Baltimore. Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limeanza jarida la fani hiyo. Chama, chuo na jarida vilizaliwa karibu kwa mkupuo mmoja, na hilo si ajabu: fani haiwezi kujiita fani mpaka iwe na mahali pa kukutania, mahali pa kufundishia na mahali pa kuandikia.

Lakini chama hicho hakikudumu. Mwaka 1845 kiliwataka wanachama wake waape kwamba hawatatumia mchanganyiko wa zebaki na fedha katika kuziba meno. Waliokataa wakawekwa kando. Badala ya kuipima dawa kwa utafiti, chama kikaipima kwa kiapo. Kufikia mwaka 1856 kilikuwa kimevunjika, na mwaka 1859 wengine wakaunda chama kipya ambacho kipo hadi leo. Funzo liko wazi. Chama kinachoanza kwa kuuliza nani aondolewe hukosa wakati wa kuuliza ni nini kijulikane. Wanakiswahili wanaweza kulitafakari hili kila wanapojadili maneno ya mkopo, maana wapo ambao wangependa kukataa neno la kigeni kuwe kiapo cha kuingia katika ukumbi wa mjadala.

Hatua zilizofuata zilivuka mipaka ya nchi. Mwaka 1900 Shirikisho la Kimataifa la Madaktari wa Meno liliasisiwa mjini Paris kwa juhudi za Mfaransa Charles Godon. Mwaka 1920, mjini New York, William Gies aliongoza kuundwa kwa chama cha kimataifa cha utafiti wa meno. Palikuwa sasa na jukwaa ambalo mtu wa Paris na mtu wa New York wangeweza kulinganisha walichokiona. Tatizo lililojitokeza ni kwamba hawakukiita kwa jina moja.

Kutoka meno hadi kinywa

Mpaka katikati ya karne ya 20, kinywa kilikuwa kama shamba lililo mpakani. Daktari wa meno alishughulika na meno na kuacha ulimi, kaakaa na sehemu za ndani za mashavu. Daktari wa mwili alitazama koo na kuyapita meno. Mwanapatholojia, yule anayekichunguza kipande cha nyama kwa hadubini, aghalabu hakuwa amefunzwa uvimbe unaoota kutokana na chembechembe zinazounda meno. Mgonjwa mwenye kidonda cha ulimi alizungushwa baina ya milango mitatu.

Ni hali hii iliyozaa vyama maalumu. Mwaka 1945 iliundwa nchini Marekani Akademia ya Tiba ya Meno. Mwaka 1946 ikafuata Akademia ya Patholojia ya Kinywa, na mwaka 1948 jarida lililounganisha katika anwani yake upasuaji, tiba na patholojia ya kinywa likaanza kutolewa chini ya uhariri wa Kurt Thoma. Mwaka 1966 ile akademia ya kwanza ilibadili jina lake: neno "meno" likaondoka na neno "kinywa" likaingia. Mtu asiyejali lugha ataona hapo mabadiliko ya neno moja tu. Mwanaisimu ataona zaidi. Jina la zamani lilisema kwamba kazi ya wanachama ni kitu kigumu cheupe kinachong'olewa. Jina jipya lilisema kwamba kazi yao ni nyumba nzima yenye ulimi, mate, mishipa na utando, ambamo magonjwa ya damu, ya ngozi na ya kinga ya mwili huweza kujionyesha mapema.

Kwingineko vyama kama hivyo viliendelea kuchipuka. Waingereza waliunda chama chao cha tiba ya kinywa mwaka 1981, na Ulaya ikapata chama cha pamoja mwaka 1998. Wanapatholojia wa kinywa nao walikuwa na chama chao cha kimataifa. Kuanzia mwaka 1988, wataalamu wa tiba ya kinywa kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakikutana katika warsha ya dunia, mara tatu za kwanza mjini Chicago, kisha katika miji mingine. Kutambuliwa rasmi hakukuja haraka. Nchini Marekani, tiba ya kinywa ilikubaliwa kuwa taaluma bobezi ya udaktari wa meno mwaka 2020, miaka 75 baada ya kuasisiwa kwa akademia yake. Mwanachama wa chama cha Kiswahili anayekata tamaa kwa kuwa azimio la mwaka jana halijatekelezwa na awatazame hao.

Baka jeupe lililosumbua dunia

Hakuna mfano unaoonyesha kazi ya vyama hivi vizuri kuliko ule wa baka jeupe. Mwaka 1877, Ernst Schwimmer wa Budapest aliliita baka jeupe la kinywani *leukoplakia*. Neno lilipendeza, likasambaa. Kwa takriban miaka mia moja kila hospitali ilikuwa na leukoplakia yake. Wengine walilitumia kwa kila weupe ulioonekana kinywani. Wengine walilihifadhi kwa baka ambalo hadubini imeonyesha chembechembe zake kuanza kuharibika. Takwimu za mji mmoja hazikuweza kulinganishwa na za mji mwingine, kwa kuwa waliohesabu hawakuwa wakihesabu kitu kimoja.

Mwaka 1978, kundi la wataalamu chini ya Shirika la Afya Duniani, miongoni mwao Mdenmarki Jens Pindborg, lilichapisha fasili ya pamoja: leukoplakia ni baka jeupe ambalo haliwezi kutambuliwa kuwa ugonjwa mwingine wowote. Fasili hiyo ilirejelewa Malmö mwaka 1983 na Uppsala mwaka 1994. Mwaka 2005, mjini London, wataalamu walikubaliana kuyaweka maradhi yote ya aina hiyo chini ya mwavuli mmoja, maradhi yenye uwezekano wa kugeuka saratani. Hapo walikuwa wakichagua maneno kwa huruma na kwa ukweli pamoja. Jina la zamani, lililosema kwamba hali hizi ni vitangulizi vya saratani, lilimhukumu mgonjwa kabla ya wakati, ilhali wengi wenye mabaka hayo hawapati saratani. Jina jipya lilimwambia: kuna hatari, chunguzwa, usikate tamaa.

Miaka ya 1980 ilithibitisha thamani ya kazi hiyo. Mwaka 1984, wataalamu wa San Francisco walieleza aina ya leukoplakia yenye kuonekana kama vinyweleo kwenye kingo za ulimi, waliyoiona kwa wagonjwa waliohusishwa na janga jipya la UKIMWI. Mwaka 1993 yakachapishwa makubaliano ya kimataifa juu ya kuyapanga na kuyaita magonjwa ya kinywa yanayoandamana na virusi hivyo. Palipokuwa na uhaba wa maabara, mhudumu wa afya mwenye tochi, macho na orodha ya majina yaliyokubaliwa aliweza kushuku mapema na kumtuma mgonjwa apimwe.

Uraibu na ugonjwa wake

Turudi sasa kwa wale wanawake watano. Mwaka 1953, Joshi wa Bombay aliueleza ugonjwa uleule kwa jina jingine, lenye maana ya kukakamaa kwa nyuzi chini ya utando wa kaakaa. Mwaka 1966, Pindborg na mwenzake Sirsat waliufafanua kwa kina, na jina la Joshi likalishinda lile la Kilatini. Hatua kwa hatua kidole cha tuhuma kikaielekea popoo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha hukumu yake kwamba popoo yenyewe, hata isipochanganywa na tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu.

Msomaji wa Kiswahili ataona jambo la kushangaza hapa. Kila kitu kinachohusika na chanzo cha ugonjwa huu kina jina la Kiswahili, na majina yenyewe ni ya kale. Popoo ni popoo na mti wake ni mpopoo. Jani ni tambuu, na mmea wake ni mtambuu. Chokaa ipo, katu ipo, tumbaku ipo. Mchanganyiko mzima huitwa uraibu, neno ambalo baadaye lilipanuka likawa na maana ya mazoea yasiyoachika, kana kwamba lugha yenyewe ilikwisha kugundua tabia ya popoo kabla ya maabara. Katika mwambao wa Afrika Mashariki tambuu imekuwa adabu ya kukaribishia wageni na pambo la arusi. Lugha iliyokipa majina kila kiungo cha sahani ya uraibu haikukipa jina kinachofuata baada ya sahani.

Kinachofuata ni hiki. Mtu huanza kwa kuhisi moto kinywani alapo pilipili. Kisha mashavu kwa ndani hupauka na kuwa magumu. Hatimaye kinywa hakifunguki. Mtu mzima mwenye afya aghalabu huweza kupitisha vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa baina ya meno ya juu na ya chini. Mgonjwa huyu huja akashindwa kupitisha viwili, kisha kimoja. Kwa baadhi yao, saratani hufuata. Mgonjwa wa namna hii akifika zahanati na kusema kwamba taya zimekaza, msikilizaji anaweza kufikiria pepopunda, au gego la mwisho linalochomoza, au jeraha. Hakuna mwenye makosa hapo. Mgonjwa amesema kweli kwa neno alilo nalo, na mhudumu amesikia kweli kwa neno alilolijua. Neno lenyewe ndilo lililopungua.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba madaktari husoma kwa Kiingereza na hivyo istilahi za Kiswahili ni pambo tu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama daktari angekuwa anazungumza na daktari peke yake. Ugunduzi wa magonjwa ya kinywa, hata hivyo, huanza na mtu anayejitazama kwenye kioo na kumwambia mwenziwe alichokiona. Uchunguzi wa kitaalamu huja baadaye, na ukichelewa, saratani ya kinywa huwa imekwisha kusambaa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na katiba hiyohiyo inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Haki mbili hizi hukutana kinywani mwa mgonjwa.

Wengine watasema kwamba vyama ni mikutano na chai, na kwamba maarifa huletwa na mtu mmoja mwenye kipaji. Watamtaja Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Mfano huu, ukichunguzwa, huwageuka wenyewe. Kabla yake, uvimbe wa taya uliitwa hivi na uvimbe wa tumboni ukaitwa vile, kana kwamba ni magonjwa tofauti. Burkitt aliona kwamba watoto walewale walikuwa na vyote viwili. Lakini ni wanapatholojia wa Kampala waliotambua aina yake halisi, ni hospitali nyingi zilizojibu maulizo yake yaliyoambatana na picha, na ni hospitali zaidi ya 50 alizozitembelea pamoja na wenzake wawili mwaka 1961 katika safari ya maili 10,000 hivi kuelekea Johannesburg zilizomwezesha kuchora ramani ya ugonjwa. Mhadhara wake wa London mwaka huohuo ulisikilizwa na Anthony Epstein, ambaye pamoja na Achong na Barr alitangaza mwaka 1964 kuonekana kwa virusi katika chembechembe za uvimbe huo. Jicho lilikuwa la mtu mmoja. Jina lilikuwa kazi ya wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wajibu wa wanakiswahili

Kiswahili hakikosi desturi ya kukaa pamoja kwa ajili ya maneno. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kasoro ni kwamba mara nyingi istilahi hutungwa mezani, zikachapishwa, zikabaki rafuni. Vyama vya kinywa vilifanya kinyume. Vilikubaliana juu ya neno, vikalipeleka kwa wagonjwa na hadubini, kisha vikarudi baada ya miaka kadhaa kuuliza kama limefaa. Malmö ilimhoji aliyeandika mwaka 1978, na London ikaihoji Uppsala.

Kazi kama hiyo inahitaji sikio la mwanaisimu. Chukua baka jeupe. Mtu akiliita "utando mweupe", amekaribisha makosa, kwa sababu maradhi ya kuvu ya kinywani nayo huleta weupe, na weupe huo hupanguswa kwa kitambaa. Leukoplakia haipanguswi. Neno "utando" hudokeza kitu kilichotanda juu, kinachoweza kuondolewa, ilhali "baka" hudokeza alama iliyomo katika ngozi yenyewe. Tofauti ya maneno mawili ya kawaida inabeba tofauti ya magonjwa mawili. Chukua tena ugonjwa wa popoo. "Ukakamavu wa kinywa" ungefuata kitenzi sahihi, lakini ukakamavu umekwisha kuwa sifa ya askari na mwanariadha, na mgonjwa angedhani anasifiwa. "Kukaza kwa kinywa" hueleweka upesi lakini huchanganyika na pepopunda. "Kovu la popoo" ni fupi, hutaja chanzo, na hufundisha kinga kwa kutamkwa tu, ingawa mwanapatholojia atauliza kama kovu ni neno la haki kwa nyuzi zilizokakamaa bila jeraha la nje. Hakuna atakayelimaliza swali hili peke yake akiwa maktabani. Linahitaji daktari wa meno, bibi wa Lamu anayejua kutengeneza tambuu, mhudumu wa zahanati na mwanafunzi mwenye daftari, wakae mkeka mmoja.

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina kila sababu ya kuanzisha kikao hicho. Vyuo vinavyofundisha Kiswahili aghalabu vina pia kitivo cha afya. Tasnifu za kila mwaka zinatafuta mada. Mwanafunzi anayekusanya maneno yanayotumiwa na wagonjwa kuelezea vinywa vyao, akayalinganisha na maneno yaliyoandikwa na wahudumu katika daftari za hospitali, atakuwa amefanya isimu yenye faida kwa mtu asiyewahi kulisikia neno isimu.

Vyama vya wataalamu wa kinywa vilianza kwa viapo na mafarakano, vikakomaa kwa kukubali kwamba jina ovyo huua na jina jema huokoa. Vilipofika kwenye mlango wa Kiswahili vilisimama, kwa kuwa hakukuwa na mwenyeji wa kuvikaribisha. Wanawake wale watano waliondoka Kenya katika vitabu vya tiba wakiwa na jina la Kilatini. Wajukuu wao, na wajukuu wa majirani zao wanaonunua popoo katika vijipakiti vya kiwandani bila kujua kilichomo, wanastahili jina wanaloweza kulitamka kabla kinywa hakijafunga.